Hodi Tatu na Kabati Moja

Ilikuwa Jumanne, tarehe saba Machi, na tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakidondoka juu ya mji mkuu wa Jamhuri ya Stara. Redio ya Taifa ilikuwa imetangaza jua kali, kwa hiyo wananchi watiifu waliacha miavuli nyumbani, wakaenda uwanjani wamekunja nyuso kama watu wanaoumizwa na mwanga. Walifika wamelowa chapachapa, na hakuna aliyesema neno. Nchi ya Stara ina adabu zake. Kwenye nembo ya taifa pana kawa, lile kawa la ukili la kufunikia chakula, na chini yake pameandikwa: "Funika kombe mwanaharamu apite." Hakuna Mstara aliyewahi kuuliza ndani ya kombe mna nini.

Koplo Asegelile alisimama mstari wa mbele, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kofia mpaka puani. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa Kikosi cha Hodi, kikosi cha polisi kinachoshughulika na wake wanaopigwa na waume zao. Alikuwa mtu wa makamo, mgane, mzee wa kanisa, mwenye sauti laini kama uji wa mgonjwa. Hakutoka nyumbani bila kusali. Asubuhi hiyo alikuwa amesali, "Bwana, wape viongozi wetu hekima." Kisha, kwa kuwa hakupenda kumficha Mungu kitu, akaongeza, "Na kama itakupendeza, wafupishe hotuba."

Hotuba ilichukua asubuhi nzima. Waziri wa Nyumba Tulivu, Mheshimiwa Nikodemo Mbalamwezi, aliitoa akiwa chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu aliyelowa.

"Ndugu Wastara!" alinguruma. "Mwaka juzi tulisema, mume atakayempiga mkewe atafungwa miaka mitano. Je, waliacha?"

"Hawakuacha!" uwanja uliitika.

"Mwaka jana tukasema, thelathini. Waliacha?"

"Hawakuacha!"

"Basi leo Serikali yenu imekasirika. Kuanzia leo ni kifungo cha maisha! Na akishamaliza kifungo cha maisha, anyongwe! Na akishanyongwa, afukuzwe nchini!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mheshimiwa alingoja vitulie, akafuta miwani. "Sheria ni msumeno," alisema kwa upole wa mtu anayejua kwamba amesema jambo kubwa. "Huu wa kwetu tumeunoa pande zote, mpaka kwenye mpini."

Mwanamke mmoja mwandishi wa habari, ambaye pengine alikuwa mgeni, aliinua mkono akauliza ni waume wangapi walikuwa wamefungwa mpaka siku hiyo.

"Hakuna hata mmoja!" Mheshimiwa alijibu kwa fahari. "Mwaka wa miaka mitano hakuna, na mwaka wa miaka thelathini hakuna. Unaona jinsi wanavyoiogopa?"

Aliyepiga makofi kuwashinda wote alikuwa Gaudensi, mtangazaji wa gari la vipaza sauti la Wizara. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akitangaza, "Mkeo ni ua! Usilipige ua!" Alikuwa na sauti nzuri iliyowafanya wanawake waache kufua wamsikilize. Koplo Asegelile alimtazama kwa furaha ya baba, kwa sababu Gaudensi alikuwa mkwe wake, mume wa Sekela, binti yake wa pekee.

"Bwana ametuona," Koplo alimnong'oneza Konstebo Mwanaidi, msaidizi wake. "Amempa mwanangu mume anayehubiri amani kwa mshahara."

"Amina, afande," alisema Mwanaidi. "Na kinyozi naye huwa ananyolewa na nani?"

Koplo alidhani ni swali la mtihani wa kupanda cheo, akaahidi kulifikiria.

*

Sasa inafaa kueleza kwa nini sheria kali kiasi hicho haikumkamata mtu, maana wageni hawaelewi, na wakielezwa hucheka.

Katika nchi ya Stara, mtu haingii nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi, wala haingii bila kuambiwa karibu. Hiyo ni desturi ya mababu, na ni desturi nzuri. Hodi hupigwa mara tatu. Isipoitikiwa, mstaarabu huondoka. Wabunge, wakiogopa kwamba polisi wanaweza kukosa ustaarabu, waliiingiza desturi hiyo kwenye sheria: askari aliyekuja kumwokoa mke anayepigwa atapiga hodi tatu kwa sauti ya heshima, na asipokaribishwa, atakwenda zake.

Ndipo kikaundwa Kikosi cha Hodi. Askari wake walifundishwa miezi mingi. Walikunywa tangawizi na asali ili koo liwe laini, wakajifunza hodi ya mbele ya mlango wa mbao, hodi ya geti la bati, na hodi ya pazia. Koplo Asegelile alikuwa ameshinda kikombe cha taifa cha Hodi ya Upole. Majaji walisema hodi yake isingeweza kumwamsha kuku.

Alikwenda kwenye nyumba nyingi. Ndani alisikia vishindo, vyombo vikivunjika, mtu akilia "Nakufa!" Alivua kofia, akasema, "Hodi, wenyewe." Alingoja. "Hodi jamani." Alingoja. "Hodi hapa." Wenyewe, wakiwa na shughuli, hawakuitika. Majirani nao walifanya wajibu wao, kwa sababu na wao wana desturi: ukisikia ya jirani, ongeza redio. Mtu aliweza kujua nyumba anamopigwa mke kwa kufuata mtaa wenye muziki mkubwa. Watoto wa Stara walikua wakidhani kilio ni sehemu ya taarabu.

Halafu Koplo alirudi kituoni, akaripoti, "Hatukukaribishwa."

Serikali nayo ilikuwa imejenga gereza jipya kwa ajili ya waume hao, lenye kuta ndefu na mtambo wa kunyongea ulioagizwa ng'ambo. Mkuu wa gereza, Bwana Kasmiri, aliishi humo na askari wake bila mfungwa hata mmoja. Walipanda mchicha uani. Kamba ya kunyongea walianikia nguo. Kila Koplo alipopita, Bwana Kasmiri alichungulia getini kama mama ntilie aliyepika akakosa wateja.

"Hata leo hakuna?"

"Hatukukaribishwa, ndugu yangu."

"Hata mmoja? Hata wa kuazima?"

*

Jumapili iliyofuata, Sekela alikuja kanisani amevaa miwani ya jua, ingawa mvua ilikuwa inanyesha na redio safari hii ilikuwa imekubali kwamba ni mvua. Baada ya ibada Koplo alimwona na alama chini ya jicho, rangi ya zambarau.

"Mwanangu, umepatwa na nini?"

"Kabati, baba," alisema Sekela, akiangalia viatu vyake. "Nimegonga kabati."

Koplo hakushangaa. Makabati ya Stara yanajulikana kwa ukorofi. Takwimu za hospitali kuu zilionyesha kwamba wanawake walioolewa waligongwa na makabati zaidi kuliko walivyougua malaria, hali wajane hawakuguswa kabisa. Profesa mmoja aliandika kitabu juu ya jambo hilo, akahitimisha kwamba kabati hunusa pete ya ndoa. Mheshimiwa Mbalamwezi alipokisoma aliguswa sana, akatoa amri ya dharura: kila kabati litakalomjeruhi mke likamatwe.

Koplo alifurahi kupata jambo la kufanya. Jumatatu alikwenda kwa binti yake na Mwanaidi na mkokoteni. Alipiga hodi. Safari hii Gaudensi alifungua mlango mwenyewe, akiwa na tabasamu pana na fulana nyeupe.

"Karibu baba mkwe! Karibu sana! Ndilo hilo pale. Lina tabia mbaya, hata mimi limeshanitisha."

Lilikuwa kabati la mninga la milango miwili, zawadi ya Koplo siku ya arusi. Koplo alilisomea haki zake. Gaudensi alishika upande mmoja, Koplo upande wa pili, wakalitoa nje huku majirani wakiangalia na kutikisa vichwa kwa masikitiko. Sekela alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Baba," aliita, kwa sauti ya chini.

"Naam, mwanangu."

Sekela alimtazama mumewe. Gaudensi alikuwa bado anatabasamu.

"Hakuna kitu, baba. Asante kwa kuja."

"Tumshukuru Mungu. Sasa utalala kwa amani."

Kabati lilifungwa pingu kwenye vitasa, likawekwa mahabusu, kwenye chumba kilekile cha wezi wa kuku. Wezi wa kuku walilalamika kwamba wanabanwa. Koplo alisali jioni hiyo, akamwomba Mungu alisamehe kabati, kwa kuwa halikujua litendalo.

"Afande," alisema Mwanaidi, akifunga mlango wa mahabusu, "wewe kabati hili ulilinunua mwenyewe?"

"Kwa jasho langu."

"Lilikaa kwako miezi mingapi kabla ya arusi?"

"Mitatu."

"Lilikupiga?"

"Mwanaidi," alisema Koplo kwa upole, "mimi si mke wa mtu."

*

Jumapili iliyofuata Sekela hakuja kanisani. Koplo alimwona sokoni siku ya Jumatano. Alikuwa amevaa kitambaa mpaka shavuni na mkono wake wa kushoto umefungwa kwa kanga.

"Ni nini tena, mwanangu?"

Sekela alijibu upesi, kama mtoto aliyezoea kukariri. "Kabati, baba."

Koplo alifungua kinywa kusema pole. Kisha akakumbuka kabati lilipo.

Alirudi kituoni bila kununua nyanya. Alifungua mahabusu. Kabati lilikuwa pale pale, pingu kwenye vitasa, na mwizi mmoja wa kuku amelala juu yake. Koplo alikagua pingu. Zilikuwa nzima. Alikagua madirisha. Alimuuliza mwizi wa kuku kama kabati lilitoka wakati wowote wiki ile.

"Halijatoka, afande," alisema mwizi, akijinyoosha. "Na kama kungekuwa na kilichotoka humu ndani, ningekuwa mimi."

Koplo aliketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa kabati. Mwanaidi alikuja akasimama mbele yake, hakufanya mzaha. Alipitia nyumba zote alizowahi kupiga hodi, miwani yote ya jua, makabati yote. Alikumbuka pia kwamba Sekela alikuwa amemkimbilia mwaka wa kwanza wa ndoa, na yeye akamsindikiza kurudi kwa mumewe akimwambia ndoa ni msalaba, na msalaba haurudishwi dukani. Wazee wenzake wa kanisa walimsifu kwa maneno hayo.

"Mwanaidi."

"Naam, afande."

"Lile swali la kinyozi."

"Naam."

"Nimelifikiria."

Alipiga magoti palepale kusali, akakosa neno. Mwizi wa kuku, ambaye naye alikuwa Mkristo, alimsaidia kwa "Baba yetu."

*

Simu ililia kituoni siku ya Ijumaa, saa za alasiri, wakati wa watu kupunga upepo barazani. Aliyepiga hakutaja jina, kwa kuwa hakutaka kujulikana, ila alisema kwamba mtaa wa Gaudensi muziki ulikuwa mkubwa mno.

Koplo na Mwanaidi walikimbia. Mtaani, kila dirisha lilikuwa na redio na kila redio na wimbo wake. Gari la vipaza sauti lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango, limeandikwa ubavuni *Mkeo Ni Ua*. Ndani ya nyumba, chini ya kelele zote za taarabu na kwaya na matangazo ya sabuni, Koplo alisikia sauti aliyoijua tangu siku ilipolia mara ya kwanza duniani.

Alivua kofia, kwa mazoea.

"Hodi, wenyewe."

Kishindo.

"Hodi jamani!" Sauti yake ilikwaruza. Majaji wa kikombe wangemkata alama.

"Baba!" Sekela alilia ndani. "Baba, ni wewe?"

"Nyamaza!" ilisema ile sauti nzuri ya Wizara.

"Hodi hapa!" Koplo alipiga kelele.

Hiyo ilikuwa ya tatu. Hakuna aliyesema karibu. Sheria ilikuwa imekwisha kusema yote iliyokuwa nayo. Sasa alipaswa kuvaa kofia, kugeuka, na kwenda kuripoti. Miguu yake, iliyozoea, iligeuka yenyewe hatua moja. Kisha ikasimama, kama punda aliyeona daraja bovu.

"Hodi!" alisema Koplo Asegelile.

Redio moja ilizimwa. Hodi ya nne ilikuwa haijawahi kusikika katika historia ya Jamhuri. Watu walitoa vichwa madirishani.

"Afande, umepoteza hesabu?" aliuliza mzee mmoja kwa wasiwasi.

"Hodi!" alisema Koplo, machozi yakimtiririka. "Hodi! Hodi, ndugu zangu! Hivi hakuna mtu katika nchi hii wa kusema karibu?"

Redio nyingine ilizimwa, na nyingine. Mtaa ulikuwa kimya mpaka kilio kikasikika peke yake, bila ngoma wala zeze. Wakazi wa mtaa ule walikuwa hawajawahi kukisikia kikiwa uchi namna hiyo. Wengine walitazama chini.

Katika nyumba ya pili aliishi bibi mmoja mwuza vitumbua, Bibi Sikujua. Kwa umri wake wote alikuwa ameongeza redio, na redio yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, kwa kuwa ukuta wake ndio uliokuwa karibu kuliko zote. Alitokea mlangoni na upawa mkononi.

"Karibu," alisema.

"Bibi, si nyumba yako!" mzee wa dirishani alimkemea.

"Najua si yangu. Kilio kinaingia kwangu kila siku bila hodi, nami sijakifukuza. Karibu, baba! Ingia, mwanangu! Karibu!"

"Karibu!" alisema mwanamke aliyekuwa anaanua nguo.

"Karibu afande!" alisema fundi baiskeli.

Halafu mtaa mzima ulipasuka: karibu, karibu, karibu ndani, karibuni nyote. Katika nchi ya Stara mtu aliyekaribishwa namna hiyo hawezi kukataa, ni utovu wa adabu. Koplo Asegelile alivaa kofia, akaupiga mlango teke.

Na kwa kuwa walikuwa wamesema karibuni nyote, wote waliingia: Mwanaidi, Bibi Sikujua na upawa wake, mwanamke na nguo zake, fundi baiskeli, hata mzee wa dirishani, aliyesema amekuja kuhakikisha utaratibu. Walimkuta Gaudensi katikati ya chumba, mkanda mkononi. Sekela alikuwa pembeni, pale kabati lilipokuwa zamani.

Gaudensi aliwatazama wote waliojaa chumbani kwake, akatumia sauti yake nzuri kuliko zote.

"Jamani, mbona mnaingia bila kukaribishwa?"

"Tumekaribishwa," alisema Bibi Sikujua.

"Na nani?"

"Na sisi."

*

Habari kwamba mume amekamatwa ilitetemesha nchi. Bwana Kasmiri wa gereza alianua nguo zake kwenye kamba, akafagia, akachemsha mchicha kwa nazi. Lakini siku ya kesi, watu walipoitafakari adhabu yenyewe, waliingiwa na huruma. Kifungo cha maisha? Na kitanzi juu yake? Na kufukuzwa? Kwa mkanda tu? Wajomba wa Gaudensi walilia. Mchungaji alisema kila mtu hukosea. Hakimu, mzee mmoja mwenye kisukari na wajukuu wengi, aliitazama sheria akaifunika.

"Ningempa," alisema, "lakini mimi nami ni binadamu. Nani atalala usingizi akimnyonga mtu kwa ugomvi wa nyumbani? Wagombanao ndio wapatanao. Napendekeza suluhu."

Kwa kawaida ya Stara, suluhu ni hivi: mume huleta kanga mpya, mke humimina chai kwa wazee, na akishamimina amesamehe. Kanga ililetwa. Ilikuwa na maneno *Nyumba Njema Si Mlango*. Birika lililetwa. Mheshimiwa Mbalamwezi, aliyekuja na wapiga picha, alisogeza kikombe chake mbele, maana hakuwa amekunywa chai asubuhi.

"Haya, binti yangu," alisema. "Mimina. Taifa linakutazama."

Sekela alisimama. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye bandeji. Alishika birika kwa wa kulia, akakaa nalo hivyo, mvuke ukimpanda usoni. Koplo, aliyekaa kwenye benchi la mashahidi, alijua kwamba binti yake akimimina atarudi kule, na kwamba safari nyingine huenda asiwepo mtu wa kulia "Baba."

Sekela aliliweka birika mezani.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi sitaki anyongwe."

Wajomba walishusha pumzi. "Mtoto wa watu!" alisema mmoja. "Mimina basi."

"Sitaki anyongwe, wala sitaki afungwe maisha, wala sitaki afukuzwe nchini akiwa maiti. Adhabu zenu ni ndefu kama minara. Mnazipandisha kila mwaka, na mimi naishi chini. Mpeni ndogo. Mpeni hata mwaka mmoja na nusu. Ila mumpe."

Mheshimiwa Mbalamwezi aliruka kutoka kwenye kiti. "Mwaka na nusu? Unataka kupunguza adhabu? Ndugu waandishi, mmesikia! Huyu binti anawatetea wapiga wanawake! Serikali yangu haitalegea. Badala ya kupunguza, kuanzia sasa naongeza: akishafukuzwa, arudishwe, anyongwe tena!"

Watu walipiga makofi kwa mazoea. Makofi yaliishia katikati. Bibi Sikujua alikuwa hapigi, Mwanaidi hapigi, na mtaa mzima wa Gaudensi ulikuwa umefumbata mikono.

Hakimu alimwita Koplo, kwa kuwa alikuwa anatafuta pa kutokea.

"Koplo, ulipoingia, ndani ya chumba mlikuwa watu wangapi?"

"Mheshimiwa hakimu, hatukuweza kuhesabiana. Mimi nilikuwa nimebanwa na fundi baiskeli."

"Mlikuwa wengi kama wa nyumbani, au wengi kama wa sokoni?"

"Wa sokoni, mheshimiwa. Palikuwa na hata vitumbua."

"Na mshtakiwa alikuwa bado ameshika mkanda mbele ya umati huo?"

"Aliuinua mbele yetu sote, mheshimiwa. Mwanaidi ndiye aliyeudaka."

Uso wa hakimu uling'aa kama wa mtu aliyepata choo. Aliufungua msahafu wa sheria za zamani, zile ambazo hakuna waziri aliyewahi kuzipandisha kwa sababu hazikuleta wapiga picha. Palikuwa na sheria ya kupiga mtu hadharani: mwaka mmoja na nusu, pamoja na kazi ya shamba. Haikumtia mtu huruma. Hata wajomba, walipoipima, walikiri kwamba ni ya saizi yake.

"Kwa kuwa watu walikaribishwa," alitangaza hakimu, "na kwa kuwa waliokaribishwa ni umma, chumba kile kilikuwa hadharani. Mwaka mmoja na nusu. Kesi imekwisha, na chai anywe huyo binti asiyetaka suluhu."

Gaudensi alitoa sauti, ila safari hii haikuwa nzuri. Bwana Kasmiri alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akiuliza kama anapenda mchicha. Mheshimiwa Mbalamwezi alitoka akiwaambia waandishi kwamba huo ni ushindi wa sheria yake mpya, iliyomtisha hakimu mpaka akaikimbia.

Kabati liliachiwa huru alasiri ile, baada ya kukosekana ushahidi. Koplo na Mwanaidi walilipakia mkokotenini, wakalisukuma mpaka kwa Koplo, maana Sekela alikuwa ameamua kukaa kwa baba yake. Mtaa wa Bibi Sikujua uliwafuata kwa miguu, wengine wakibeba masufuria, wengine wakibeba maneno tu. Walipofika mlangoni, Sekela alisimama nje ya nyumba aliyozaliwa, akapiga hodi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mara ya mwisho alipoipiga hapo, alirudishwa.

Koplo Asegelile aliuacha mkokoteni. Alivua kofia, si kwa mazoea. Aligeuka akawatazama waliokuja: Mwanaidi, Bibi Sikujua, fundi baiskeli, mzee wa dirishani. Aliwaomba wasogee wasikie vizuri, na wale wenye redio wazizime.

"Mungu wangu ni shahidi, nanyi ni mashahidi," alisema, na sauti yake, iliyokuwa haiwezi kumwamsha kuku, ilisikika mpaka barabarani. "Sekela mwanangu, karibu, na mlango huu hautakurudisha tena. Na nyinyi wengine, popote mlipo, mtu akilia ndani, mimi Asegelile hodi yangu itakuwa moja. Ya pili nitaipigia ndani."